Mishale Miwili Juu ya Lualaba

Mfanyabiashara anayeshuka treni Samba akielekea Kasongo, Wamaza au Kabambare hana pa kuukwepa mto Lualaba. Reli imebaki ng'ambo ya magharibi, mji wa Kasongo uko mashariki, na mto katikati unakwenda kaskazini. Somo la vekta kwa watoto wa mkoa huu wa Maniema, Kongo, lingeanzia hapo, kabla chaki haijagusa ubao.

Vekta ni kiasi chenye ukubwa na uelekeo. Kilo tano za mchele ni kilo tano tu, haziendi upande wowote. Mwendo wa mtumbwi sivyo: ukitaja kilomita 5 kwa saa bila kusema unaelekea wapi, hujamaliza kusema. Ndiyo maana tunauchora kwa mshale: urefu ni kasi, ncha ni uendako.

Tuchukue tarakimu nyepesi. Mpiga kasia anakwenda kilomita 5 kwa saa kwenye maji yaliyotulia, mkondo unakwenda 3, na mto pale una upana wa mita 500. Anaelekeza pua ya mtumbwi mashariki moja kwa moja. Atavuka kwa dakika ngapi? Wanafunzi wengi hujumlisha wakapata 8, au hutoa wakapata 2, kisha wakagawanya. Jibu ni dakika 6, sawa kabisa na ambavyo angevuka maji yasiyo na mkondo. Mkondo unasukuma kaskazini. Safari ya kwenda mashariki hauiongezei wala hauipunguzii kitu. Kazi yake ni kumteremsha, na katika dakika hizo 6 unamteremsha mita 300. Chora mshale wa 5 kwenda mashariki, kwenye ncha yake anzisha mshale wa 3 kwenda kaskazini, halafu unganisha mwanzo na mwisho. Huo mstari wa mshazari ndio mwendo anaouona mtu aliyesimama ukingoni, karibu kilomita 5.8 kwa saa.

Na akitaka kutua usawa wa pale alipotoka? Lazima aipandishe pua dhidi ya mkondo, ili sehemu ya mwendo wake iifute ile 3. Kwa kanuni ya Pythagoras, kinachobaki cha kuvukia ni 4, na safari inakuwa dakika 7 na nusu. Mvua zikiujaza mto hata mkondo ukafika 5, hakuna pembe itakayomfikisha pale, apige kasia atakavyo.

Wavushaji wana dawa yake, nayo ni hesabu safi. Kwanza hupanda na mto kandokando ya ukingo, ambako kina ni kifupi na msuguano wa ardhi umepunguza kasi ya maji. Ndipo hukata mto na kuuacha mkondo uwateremshe hadi wanapotaka kutua. Wanajua kwamba mshale wa maji si mmoja mto mzima: katikati ni mrefu, ukingoni ni mfupi. Kwa hiyo njia halisi ya mtumbwi hujipinda, haiwi ule mstari ulionyooka wa ubaoni.

Uelekeo nao hubadilika kutoka mahali hadi mahali. Msafiri mpelelezi David Livingstone alipofika Nyangwe, kaskazini-magharibi ya Kasongo, mwaka 1871, aliona mto unakwenda kaskazini akatumaini kuwa ndio Nile. Mpelelezi mwenzake Verney Lovett Cameron, aliyefika mwaka 1874, hakuridhika na mshale wa mahali pamoja. Alikadiria maji yanayopita kila sekunde, akapata zaidi ya futi za ujazo 120,000, mengi mno kuliko ya Nile kule Gondokoro. Tena vipimo vyake vya kimo vilionyesha kuwa Nyangwe iko chini kuliko Gondokoro, na maji hayapandi mlima. Mwishoni mwa 1876 mpelelezi mwingine, Stanley, aliondoka Nyangwe, mwanzoni akisindikizwa na mfanyabiashara Tippu Tip aliyekuwa na makao yake Kasongo. Akaufuata mto ukavuka ikweta, ukapinda magharibi, naye akatokea Boma mwezi Agosti 1877, karibu na bahari ya Atlantiki.