Mwili wa joto, mwili wa baridi: Ijue mizani yako, lakini usiache kupima

Mtu akilalamika kwamba magoti yanamuuma kila masika yanapoanza, jirani yake wa Bagamoyo hachelewi kumjibu: hiyo ni baridi yabisi. Jina hilo tumelizoea, hata daktari hulitumia, ila ni wachache wanaojiuliza limetoka wapi. Yabisi ni ukavu. Kwa hiyo anayelitamka anasema, pengine bila kujua, kwamba mwili wa mgonjwa umezidiwa na ubaridi na ukavu, na kinachotakiwa ni kuurudishia joto na unyevu.

Si neno hilo peke yake. Safura, ugonjwa ambao bibi zetu waliutambua kwa mtu kupauka na kuishiwa damu, kwa Kiarabu ni jina la nyongo ya njano. Belghamu nayo ni makohozi. Nyongo ya njano, belghamu, damu na nyongo nyeusi ndiyo majimaji manne ambayo waganga wa Ugiriki ya kale waliamini yanautawala mwili. Elimu hiyo iliendelezwa na matabibu wa Kiislamu, akiwamo Ibn Sina aliyefariki mwaka 1037, na ikafika pwani yetu pamoja na dini, vitabu na biashara.

Ndiyo maana msomaji wa pwani anayekutana leo na Ayurveda, tiba ya kale ya India inayozigawa aina za miili, huhisi kama amekutana na ndugu wa mbali.

Aina tatu za Kihindi

Neno Ayurveda linatokana na maneno mawili ya Kisanskriti: uhai na elimu. Tiba hii inafundisha kwamba kila mtu huzaliwa na mchanganyiko wake wa nguvu tatu zinazoitwa dosha, na kwamba moja au mbili kati ya hizo humtawala.

Ya kwanza ni vata, yenye asili ya upepo. Mtu wa vata huelezwa kuwa mwembamba, mwenye ngozi kavu, mwepesi wa kutenda na kusema. Nguvu hiyo ikizidi, usingizi humpaa, tumbo hujaa gesi na mawazo hayatulii.

Ya pili ni pitta, yenye asili ya moto. Huyu ana mwili wa wastani, hutoka jasho haraka na hawezi kuchelewa kula. Ikizidi, hupata kiungulia na hasira za karibu.

Ya tatu ni kapha, yenye asili ya maji na udongo. Ni mtu wa mwili mkubwa, mpole, mwenye usingizi mzito. Ikizidi, huongezeka uzito, hujaa makohozi na huona uvivu kuamka.

Tiba yake ni kupeleka mwili upande wa pili. Mtu wa vata hushauriwa kula vya moto na vyenye majimaji, kwa saa zilezile kila siku. Wa pitta hupunguza pilipili na ukali. Wa kapha hula vyepesi na kuutoa mwili jasho.

Nne za pwani

Kwetu hesabu ni nne. Mwanaanthropolojia wa Marekani, Marc Swartz, aliyefanya utafiti kwa miaka mingi katika Mji wa Kale wa Mombasa na kutoa kitabu mwaka 1991, alieleza jinsi Waswahili wa huko walivyouona mwili kuwa na tabia nne: hari, baridi, yabisi na rutuba. Kila mtu ana mizani yake mwenyewe. Kinachomfaa mmoja kinaweza kumdhuru mwingine, na chakula ndicho njia ya kwanza ya kurekebisha.

Huhitaji kusoma kitabu ili kuyaona haya. Asali, tangawizi, pilipili manga na mdalasini huhesabiwa kuwa vya joto. Dafu, tango na ndimu ni vya baridi. Mama anayemkataza mtoto mwenye kifua asinywe maji ya barafu jioni, au anayempa mume wake dafu baada ya kazi ya juani, anapanga mizani hiyo bila kuipa jina.

Undugu huu na India hauna ajabu. Kwa karne nyingi pepo za kaskazi zimeleta majahazi kutoka upande huo, na Wahindi wakafanya Bagamoyo kuwa nyumbani. Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara wa jamii ya Ismailia aliyezaliwa mwaka 1851, alikuwa mmoja wao. Yeye lakini hakumbukwi kwa mitishamba. Anakumbukwa kwa kutoa mali yake kujenga shule na hospitali. Hospitali iliyobeba jina lake Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 1897, ndiyo iliyotangulia Muhimbili ya leo.

Inakosaidia

Elimu hizi mbili zina jambo moja la maana: zinamfanya mtu ajisikilize. Wengi wetu hula kwa sababu saa imefika, hulala simu ikizima chaji, na hukumbuka mwili siku ulipogoma.

Jaribu kwa wiki mbili. Chukua daftari, andika ulichokula, ulivyolala, ulivyopata choo na hali ya moyo wako. Huenda ukagundua kwamba kiungulia huja siku za mishikaki yenye pilipili usiku, au kwamba usingizi hupotea siku unazokunywa kahawa baada ya alasiri. Ukiona hivyo, badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja ili ujue kipi kimekusaidia.

Ushauri mwingi wa mizani unakubaliana na wa zahanati: kula kwa kiasi, lala mapema, tembea. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki kwa mtu mzima, na chumvi isiyozidi gramu 5 kwa siku, yaani takriban kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote. Kutembea ufukweni jua linapopoa kunamfaa mwembamba na mnene, wa joto na wa baridi.

Inakoishia

Hapa ndipo penye hatari. Mizani ya joto na baridi imejengwa juu ya kile ambacho mtu anakihisi au kinachoonekana kwa macho. Lakini magonjwa yanayozidi kutusumbua mijini na vijijini huanza kimyakimya.

Presha ya kupanda inaweza kukaa mwilini miaka bila kuuma popote. Mtu akajiona ana mwili wa baridi, mtulivu, kumbe kipimo kinasoma 140 kwa 90 au zaidi kila anapopimwa. Kisukari nacho huenda kwa mwembamba na kwa mnene. Sukari ikifika 7.0 au zaidi asubuhi kabla ya kula, na kipimo kikarudiwa kikatoa jibu hilohilo, hakuna aina ya mwili inayoweza kubadilisha maana yake. Anayeacha vidonge kwa sababu vinamtia joto, akahamia kwenye tangawizi na asali, ameacha kutibu asichokihisi ili atibu anachokihisi.

Hata baridi yabisi yenyewe inaficha mengi. Kuna maumivu ya viungo vilivyochakaa kwa umri na uzito. Kuna ugonjwa wa kinga ya mwili kushambulia viungo. Kuna jongo. Kila moja lina matibabu yake. Kukanda kwa kitambaa cha moto kunaweza kulegeza goti lililokakamaa, lakini kiungo kimoja kikivimba ghafla, kikawa chekundu na homa juu yake, usikande. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Arobaini ya mzazi

Pengine hakuna mahali ambapo mizani hii inafuatwa kwa bidii kuliko kwa mama aliyejifungua. Huaminika kwamba mwili wake umepoa, hivyo hupewa uji wa pilipili manga na supu ya moto, hufunikwa, na hukandwa kwa maji ya moto.

Kumpumzisha mzazi, kumpikia na kumwondolea kazi kwa siku arobaini ni mila ya kuilinda. Maji yanayochemka si sehemu ya kulindwa. Yanaunguza ngozi, na mwenye mshono anaweza kuumia zaidi. Maji ya uvuguvugu na usafi vinatosha.

Kubwa zaidi, homa kwa mzazi isichukuliwe kuwa ni joto linalorudi mwilini. Inaweza kuwa dalili ya maambukizi. Mama akipata homa, damu nyingi, usaha wenye harufu, maumivu makali ya kichwa, macho kuona ukungu au degedege, apelekwe kituo cha afya bila kungoja shangazi wala somo afike.

Kabla ya kununua dawa

Si kila kinachoitwa cha asili ni salama. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008 ulipima dawa 193 za Ayurveda zilizonunuliwa kwa njia ya intaneti, na takriban moja kati ya tano ilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Madini hayo hudhuru ubongo na figo, na kwa mtoto aliye tumboni madhara ni makubwa zaidi.

Tanzania ina sheria ya tiba asili na tiba mbadala ya mwaka 2002, na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala ndilo linalosajili watoa huduma. Muulize mganga au muuza dawa cheti chake cha usajili. Kataa chupa isiyo na maelezo ya kilichomo. Kama unatumia dawa za presha, kisukari, ARV au za kuzuia damu kuganda, mweleze daktari kila mti unaokunywa, na mganga naye ajue vidonge ulivyopewa.

Kwa hiyo, msomaji, endelea kuujua mwili wako: unachopenda, kinachouchosha, kinachouamsha. Kisha, kama hujapima presha na sukari mwaka huu, panga siku uende kwenye kituo cha afya kilicho karibu nawe, na uende na mwenzako.