Nani Anachagua Sura ya Leo?

Kuna aya inayopendwa sana kwenye kuta za maduka mapya, kadi za mahafali na mabango ya harambee: Ayubu 8:7, ile ya mwanzo mdogo ambao mwisho wake huongezeka sana. Wengi huisoma kama ahadi ya Mungu kwa mtu anayeanza na mtaji mdogo. Ukifungua sura yenyewe, utakuta msemaji si Mungu wala Ayubu. Ni Bildadi Mshuhi, mmoja wa marafiki watatu waliokuja kumfariji mtu aliyefiwa na watoto kumi kwa siku moja. Aya tatu tu kabla ya hapo, Bildadi amemwambia baba huyo kwamba watoto wake, kama walimkosea Mungu, wamepata malipo ya kosa lao. Mwisho mwema anaoutaja ameufunga kwa sharti kwamba Ayubu awe safi, na maana yake ni kuwa mateso yake ni ushahidi dhidi yake. Kitabu kikifika sura ya 42, Mungu anawakasirikia marafiki hao na kutangaza kwamba Ayubu, pamoja na malalamiko yake yote makali, ndiye aliyemsema Mungu kwa haki. Ni kweli kwamba Paulo, katika Wakorintho wa Kwanza sura ya 3, ananukuu maneno ya Elifazi, rafiki mwingine wa Ayubu, na kuyakubali. Kwa hiyo si kila walilotamka lilikuwa uongo. Kosa lao ni kumtupia mtu aliyevunjika moyo kauli nzuri bila kujali yuko wapi, na sisi tunaing'oa kauli ya Bildadi kutoka mahali pake kwa namna ileile.

Naitaja aya hii kwa sababu inafunua jambo ambalo mahubiri kuhusu kusoma Biblia kila siku hulipita haraka. Tunahimizwa kusoma, na ni vema. Lakini ni mara chache tunaulizwa nani anachagua tunachosoma. Hoja yangu ni kwamba jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama usomaji wa kila siku unakuza uhusiano wa mwamini na Mungu, au unamzungusha mwamini ndani ya mawazo yake mwenyewe. Katika Biblia uhusiano huo unaitwa agano, na agano lina pande mbili. Tena upande wa Mungu ndio unaotangulia. Abramu anaitwa kabla hajaomba kuitwa. Katika Mwanzo 15, mwenge wa moto unapopita katikati ya wanyama waliopasuliwa, Abramu yuko usingizini. Musa anachunga mifugo ya mkwewe. Samweli mdogo anaitwa usiku hata haijui sauti inayomwita. Mungu wa kurasa hizi husema lile ambalo mtu hakuuliza, na mara nyingi lile ambalo mtu hakutaka kusikia. Mwamini anayefungua Biblia kila asubuhi kutafuta aya inayolingana na haja yake ya siku hiyo (ya ada, ya ndoa, ya kazi) amekwisha kuamua mazungumzo yatahusu nini kabla mwenzake hajafungua kinywa.

Mpangilio wa vitabu tulivyonavyo mkononi unaurahisisha mtindo huo. Waandishi wa Biblia hawakuandika kwa sura na aya zenye namba. Mgawanyo wa sura unahusishwa na Stephen Langton, mwanzoni mwa karne ya 13, na namba za aya za Agano Jipya tunazozitumia leo zilitokea katika toleo la mchapaji Robert Estienne la mwaka 1551. Bila namba hizo ibada zetu zingekuwa na tabu kubwa. Lakini namba zimetuzoesha kuona kila aya kama kitu kinachosimama peke yake, na simu imemaliza kazi iliyobaki: aya ya siku inaingia saa kumi na mbili asubuhi, inatumwa kwenye kundi la WhatsApp, na kabla ya saa moja imesahaulika.

Tazama Yeremia 29:11, aya ambayo pengine inatumwa kuliko zote: Mungu anajua mawazo anayowawazia watu wake, ni ya amani, na yana tumaini mbele. Aya hiyo ni sehemu ya barua. Yeremia aliiandika Yerusalemu akaipeleka Babeli, kwa watu waliokuwa wamehamishwa kwa nguvu pamoja na mfalme wao Yekonia mwaka 597 kabla ya Kristo. Sura moja kabla, nabii Hanania amesimama hekaluni na kutangaza kwamba katika miaka miwili vyombo vya hekalu na mateka wote watarudi. Hayo ndiyo watu waliyotaka kuyasikia. Barua ya Yeremia inasema kinyume: jengeni nyumba, pandeni bustani, ozesheni wana wenu, uombeeni heri mji uliowateka, kwa maana itakuwa miaka sabini. Mtu mzima aliyeisikia barua ile ikisomwa alijua kwamba atazikwa Babeli. Ahadi ya tumaini ilikuwa ya taifa na ya wajukuu, na yeye aliitwa kuiamini huku akipanda miti ambayo wengine wangekula matunda yake. Anayeisoma aya ya 11 peke yake anapata faraja ya juma moja. Anayesoma kuanzia sura ya 28 anakutana na Mungu asiyewaficha watu wake urefu wa safari, na ambaye hakuwaacha ndani ya urefu huo. Faraja hii ya pili ni nzito zaidi, na ndiyo inayomfaa mtu ambaye maombi yake yamekaa miaka kumi bila jibu.

Kanisa, na sinagogi kabla yake, lilijua hatari ya msomaji kujichagulia, likaweka utaratibu. Wayahudi husoma Torati yote katika sinagogi kwa mwaka mmoja, imegawanywa mafungu 54. Wale wa Palestina ya kale walitumia takriban miaka mitatu. Tangu 1969 Wakatoliki wana mzunguko wa masomo wa miaka mitatu kwa Jumapili na wa miaka miwili kwa somo la kwanza la siku za kawaida. Thomas Cranmer, katika kitabu cha sala cha Kianglikana cha 1549, aliagiza Zaburi zote 150 zisomwe kila mwezi, zikigawanywa asubuhi na jioni. Matokeo ya mgawanyo huo yanastahili kuangaliwa kwa karibu. Tarehe 17 asubuhi, kila mwezi, inaangukia Zaburi ya 88. Hiyo ni zaburi inayoanza kwa kilio na kuishia gizani, bila ule mgeuko wa shukrani tuliouzoea katika zaburi nyingine za maombolezo. Mtu aliyeamka na furaha tarehe 17, amepata mtoto jana, atasoma maneno ya mtu aliyeachwa na rafiki zake wote. Hangeichagua kamwe. Lakini kwa kuisoma mwezi baada ya mwezi, anajifunza kuomba pamoja na wanaolia hata yeye asipolia, na siku giza litakapomfikia atakuwa na maneno tayari kinywani. Atajua pia, bila kuambiwa na mhubiri, kwamba Mungu amekubali kilio kisicho na mwisho mzuri kiwemo ndani ya Maandiko yake.

Mmoravian atasema hapa: lakini sisi tunaishi kwa aya moja ya siku kwa karibu miaka mia tatu, na haijatuharibu. Ni pingamizi la haki. Tarehe 3 Mei 1728, huko Herrnhut, Ujerumani, kiongozi wao Zinzendorf alilipa kusanyiko neno la kushika siku iliyofuata, nalo likapelekwa nyumba kwa nyumba. Mkusanyiko wa mwaka mzima ulichapishwa kwa mara ya kwanza kwa ajili ya 1731, na desturi hiyo ilisafiri na wamisionari hadi Rungwe, walikofika 1891. Lakini tazama jinsi neno lenyewe linavyopatikana. Aya ya Agano la Kale hupigiwa kura, kisha huchaguliwa aya ya Agano Jipya inayoendana nayo. Hakuna msomaji anayeitafuta kulingana na hali yake. Aliye Mbeya na aliye Herrnhut wanaamkia neno lilelile, limpendeze au limchome. Kwa hiyo desturi hii haipingani na hoja yangu, inainyoosha. Si lazima kila mtu asome sura tatu. La lazima ni kwamba neno litoke nje ya mtu. Hata hivyo, aya moja bila sura yake itamwacha msomaji na Bildadi asiyejulikana kuwa ni Bildadi, na ndiyo maana neno la siku huzaa zaidi kwa mtu ambaye pia anaisoma Biblia kwa mfululizo.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la neema. Ikiwa tumeokolewa kwa neema, kwa nini tujifunge na ratiba, halafu tujihesabie haki kwa kurasa? Robert Murray M'Cheyne, mchungaji kijana wa Dundee, Uskoti, aliyewaandalia washirika wake kalenda ya kusoma Biblia mwaka 1842, aliliona hili mapema. Kalenda yake, inayopitia Agano la Kale mara moja kwa mwaka na Agano Jipya pamoja na Zaburi mara mbili, aliitanguliza kwa onyo: kusoma kwa mazoea, kujiona mwenye haki, kusoma bila kufikiri, na kuufanya mpango uwe nira isiyobebeka. Hatari hizo ni za kweli, lakini haziletwi na utaratibu peke yake. Asiye na ratiba naye hujihesabia haki, kwa hisia zake. Tena Kumbukumbu la Torati 17 linatoa sababu ya kusoma kila siku inayoelekea upande mwingine kabisa. Mfalme wa Israeli aliagizwa ajiandikie nakala ya sheria na kuisoma siku zote za maisha yake, ili moyo wake usijiinue juu ya ndugu zake. Mtu mwenye mamlaka kuliko wote nchini anawekewa maneno ambayo hakuyatunga, yanayomhukumu hata yeye. Lengo la usomaji wa namna hiyo ni unyenyekevu, na mtu anayepimwa kila siku na maandiko asiyoyachagua anakosa hata nafasi ya kujisifu.

Na yule asiyejua kusoma? Bibi aliyesali miaka sitini bila kufungua kitabu, je, yuko mbali na Mungu? Hapana, na anayefundisha hivyo anaidharau sehemu kubwa ya historia ya watu wa Mungu. Biblia binafsi ni jambo la juzi. Uchapaji ulianza Ulaya katikati ya karne ya 15, na Biblia nzima kwa Kiswahili haikuwepo kabla ya miaka ya 1890. Ile ya Union, ambayo wengi wetu tumelelewa nayo, ni ya 1952. Kabla ya hapo watu walisikia. Katika Nehemia 8, Ezra anasoma mbele ya Lango la Maji tangu alfajiri hadi adhuhuri, watu wamesimama, na Walawi wanapita wakieleza maana. Kusikia huko kulikuwa kwa pamoja na kwa mfululizo, na kuliwafanya watu walie, kisha wakatumwa nyumbani kula na kuwapelekea wengine sehemu. Anayesikiliza katika kusanyiko hapati nafasi ya kuruka sura. Hata Uamsho wa Afrika Mashariki ulikuwa na mizizi katika usomaji wa zaidi ya mtu mmoja: mwaka 1929, Kampala, Daktari Joe Church wa Gahini, Rwanda, na Simeoni Nsibambi walikaa siku mbili pamoja wakiifuata mada ya Roho Mtakatifu ndani ya Biblia. Walifuata mada, si kitabu kizima, lakini walikuwa wawili, Mwingereza na Mganda, na kila mmoja alikuwa na masikio ambayo mwenzake hakuwa nayo. Katika vikundi vya ushirika vilivyofuata, neno lilisomwa mbele ya ndugu waliokujua vizuri kiasi kwamba usingeweza kulipindisha likuunge mkono.

Linabaki lile linalowakatisha tamaa wengi kila Februari: Mambo ya Walawi, kisha Hesabu. Orodha za makabila, vipimo, majina. Sisemi kwamba kila ukurasa utawaka moto. Baadhi ya sura zitapita kavu, na ni sawa. Lakini Hesabu 26 ni sensa ndefu ya watu na koo, na ndani yake limetajwa, kama kwa bahati, kwamba Selofehadi hakuwa na wana ila mabinti. Sura inayofuata, mabinti hao watano wanakuja mbele ya Musa, kuhani Eleazari, wakuu na mkutano wote, wanadai urithi wa baba yao. Musa hana jibu. Anaipeleka kesi kwa Mungu, na Mungu anasema mabinti wanasema kweli, kisha sheria inabadilishwa. Katika nchi zetu, ambako mabinti bado wananyimwa mashamba ya baba zao na wanaowanyima ni watu wa kanisani, sura hiyo inapaswa kujulikana kuliko inavyojulikana. Haijulikani kwa sababu iko nyuma ya sensa, na wasomaji wengi huishia kwenye sensa.

Kwa anayetaka kuanza, Biblia ya vitabu 66 ina sura 1,189, na kuimaliza kwa mwaka ni sura tatu na ziada kwa siku. Wengi hawaziwezi, na hakuna agizo la Mungu linalotaja mwaka mmoja. Sura moja kwa siku inaimaliza kwa miaka mitatu na miezi michache. Yeremia peke yake, sura 52, haifiki miezi miwili. Ukikosa siku nne, usizilipe kama deni. Endelea pale ulipoishia, maana kitabu ulichoanza hakijahama, na sura inayofuata ni ileile ambayo ungeisoma juzi.