Damu Chafu ya kwenye Skrini

"Shikamoo daktari. Nimepimwa damu nikaonyeshwa kwenye skrini, ni chafu kweli. Niisafishe kwa dawa gani?"

Swali hili hunifikia kila mara, nalo limenichosha, kwa sababu anayeuliza hataki tena kujua kama damu yake ni chafu. Hilo ameshalikubali, si ameiona kwa macho yake? Kwangu anataka jina la dawa tu, na mara nyingi mfuko wa makopo anao tayari.

Basi tuanze na hayo macho. Mteja huchomwa kidole, tone la damu likawekwa kwenye slaidi bila kutiwa rangi, likafunikwa kwa kioo chembamba, kisha likatazamwa kwa hadubini yenye mandharinyuma nyeusi iliyounganishwa na skrini. Vitu vinang'aa, vinatembea. Mwenye hadubini anaanza kusimulia: hizi zilizoshikamana ni asidi imezidi mwilini, hizi zenye miiba zimekula sumu, nyuzi hizi maana yake ini limechoka, na hivi vinavyochezacheza ni vimelea.

Chembe nyekundu zilizopangana kama sarafu kwenye fungu hupangana hivyo kwa mtu yeyote pale tone lilipo nene, au likikaa kidogo. Kila slaidi ninayosoma ina eneo la namna hiyo. Tunaliruka, tunasoma pale chembe zilipotandaa safu moja. Ni kweli kwamba hupangana zaidi protini fulani zinapoongezeka kwenye damu, iwe kwa maambukizi, kwa ujauzito au kwa saratani ya uboho iitwayo mieloma. Ndiyo maana kuna kipimo cha ESR, kinachoonyesha chembe zimeshuka milimita ngapi ndani ya mrija kwa saa moja. Kipimo hicho hutoa namba, na namba hiyo ina kiwango cha kawaida cha kulinganishwa nacho. Skrini haina namba, ina msimulizi.

Chembe zenye miiba mara nyingi ni chembe zinazokauka juu ya kioo. Nyuzi ni fibrini: damu imetoka mwilini, inaganda inavyotakiwa, na ingekuwa haigandi ndipo ungekuwa na sababu ya kuogopa. Mabonge yanayoitwa fangasi au fuwele za asidi kwa kawaida ni chembe sahani zilizoshikamana, vumbi, au magamba ya ngozi ya kidole chako mwenyewe. Vidoti vinavyochezacheza aghalabu ni mafuta ya chakula ulichokula muda si mrefu. Kitu kidogo kiasi hicho hakitulii ndani ya majimaji, kiwe hai au kisiwe hai. Bakteria au fangasi wangekuwa wamejaa hivyo kwenye damu yako, usingekwenda dukani kwa miguu yako. Ungekuwa wodi ya wagonjwa mahututi.

Na hiyo asidi? pH ya damu ni 7.35 hadi 7.45. Mapafu na figo huilinda usiku na mchana, wala soda au maji ya alkali hayaihamishi. Ikitoka hapo ni dharura ya hospitali. Tena pH haionekani kwa hadubini, hata ungekodoa macho mpaka kesho.

"Lakini daktari, nimetumia dawa, nimerudi, chembe zimeachana!" Hapo ndipo biashara ilipolala. Tone la pili likiwa dogo kidogo, likafunikwa upesi, likatazamwa katikati badala ya ukingoni, chembe zitaachana hata kama hukumeza chochote. Simtuhumu kila mwenye hadubini kwamba ni tapeli. Wapo wanaoamini kwa dhati wanachokisimulia. Ila imani yao imeshapimwa huko huko Ujerumani, alikotoka Günther Enderlein, mtaalamu wa wanyama ambaye wasomaji wengi wa damu hai, ndivyo upimaji huu unavyoitwa, hufuata nadharia zake. Mwaka 2005 njia yake ilijaribiwa kwa wagonjwa 110, ambao 12 kati yao walikuwa na saratani iliyokwisha kusambaa. Iliwabaini 3. Katika wale wengine, zaidi ya theluthi moja waliambiwa wana dalili za saratani. Mwaka 2006 utafiti mwingine ulilinganisha usomaji wa damu ile ile, ukahitimisha kwamba njia hiyo haitegemeki. Huko Marekani, Robert O. Young, mhubiri mkubwa wa damu yenye asidi, alitiwa hatiani California mwaka 2016 kwa kufanya udaktari bila leseni.

Damu isiyotiwa rangi siidharau. Mwaka 1880, huko Algeria, Laveran aliona vimelea vya malaria katika damu ya namna hiyo, na mpaka leo tunaitumia kutafuta vimelea vya malale. Lakini msomaji wa malale anajua umbo la anachokitafuta kabla hajainamia hadubini, na asipokiona anaandika kwamba hakuna.

Sasa ya kufanya. Kama unachoka ovyo, nenda ukapimwe picha kamili ya damu, ile ya kichupa chenye mfuniko wa zambarau. Pima sukari. Figo zina kipimo cha kreatinini, ini lina vipimo vyake. Homa, pima malaria kwa kipimo cha haraka au slaidi iliyotiwa rangi. Uliza kama maabara imesajiliwa. Kwa Tanzania, maabara binafsi husajiliwa na Bodi ya Maabara Binafsi za Afya. Dai majibu ya maandishi yenye namba na viwango vya kawaida. Anayekupima akiwa ndiye anayekuuzia makopo, aga uondoke. Na kama makopo umeshanunua, usiache hata kidonge kimoja cha presha, kisukari au ARV kwa ajili yake. Yabebe yote umwonyeshe daktari wako, kwa sababu mengine hugongana na dawa unazotumia.