Kijana wa Bweremana na shule ya jeshi la majini ya Marekani

Kijana aliyekulia Bweremana, kando ya Ziwa Kivu, anajua mtumbwi tangu utoto. Je, anaweza kusomea uofisa wa jeshi la majini kule Annapolis, Marekani? Shule hiyo inapokea wageni, lakini kwa sheria hawapiti 60 kwa wakati mmoja, toka dunia nzima. Na mtu hajipeleki: Marekani inaalika nchi, kisha jina linapitia serikali na ubalozi wa Marekani, Kinshasa. Mtu akikuomba makuta ili aandikishe mtoto wako, huyo ni mwizi tu. Kijana awe ametimiza miaka 17, asiwe na ndoa wala mtoto, Kingereza akijue vizuri. Gharama ni ya nchi yake, isipokuwa Marekani ikiisamehe. Masomo ni miaka 4. Kisha anarudi kutumikia jeshi la kwao.