Motokaa Zilizostaafu

Ukiteremka Dar es Salaam kwa shughuli zako, iwe ni harusi ya mtoto au kumpeleka mgonjwa, usipande basi la kurudi Moshi kabla hujapita Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert. Watoto watakuvuta kwenye habari za mtu wa kale wa Olduvai. Sawa, waonyeshe. Lakini nakuomba ufike pia zilipo motokaa za zamani.

Hapo imo Rolls Royce iliyotumiwa na serikali ya Waingereza, na kisha ikamchukua Mwalimu Nyerere. Itazame vizuri. Motokaa ni ile ile. Aliyebadilika ni mwenye kukaa ndani. Niliitazama muda mrefu, hata mlinzi naye akaanza kunitazama mimi.

Nchi yetu imezijua motokaa tangu zamani. Tarehe 10 Agosti 1907 Mjerumani Paul Graetz alitoka Dar es Salaam na motokaa yake, akaikata Afrika mpaka Swakopmund, pwani ya magharibi. Alifika Mei 1909! Mwenda kwa miguu angeweza kumcheka.

Huku kwetu mlimani, reli ya Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, lakini kahawa ya vihambani iliendelea kubebwa vichwani na mama zetu, tena katika utelezi wa masika. Lori ndilo lililowapumzisha shingo. Na Peugeot 404 je? Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, alishinda nayo mbio za Safari mwaka 1966 na tena 1967. Mzee aliyewahi kuiendesha atakusimulia mpaka mbege iishe kibuyuni.

Basi, nyumbani kwetu lilikuwako lori, Bedford, ambalo baba alilinunua kuukuu. Lilibeba kahawa, lilibeba saruji ya kanisa la kigango, lilibeba maharusi na majeneza. Lilipokufa lililala chini ya mringaringa, kuku wakatagia ndani yake. Baba alipofariki, sisi watoto tukamwita mnunuzi wa chuma chakavu. Alilikata kwa gesi kwa siku moja, akapima, akalipa. Fedha ile haikutosha hata bati za jiko.

Juzi mtoto wa mdogo wangu aliniuliza babu yake alifanya kazi gani. Sikuwa na kitu cha kumwonyesha, ila mahali pale pasipoota majani kwa sababu ya oili.

Kwa hiyo wewe mwenye Land Rover au lori chini ya mgomba, sikukatazi kuuza; ada za shule twazijua. Ila kwanza ng'oa kibao cha namba, uandike katika daftari lilikuwa la nani na lilibeba nini, na mwaka gani.

Sisi tulisalimika na usukani tu. Dada yetu aliuficha darini siku ile ya kukata, wala hakutuambia mpaka mwaka jana.