Utangulizi: Makumbi, Maganda ya Mpunga na Vimeng'enya

Mwaka 1916 wanakemia wawili huko Marekani, Nelson na Griffin, walinatisha invatesi, kimeng'enya kinachovunja sukari ya miwa, kwenye makaa. Kikashika, na kazi yake kikaendelea kuifanya. Ikapita zaidi ya miaka 50 kabla jambo hilo halijaingia kiwandani: mwaka 1969, huko Japani, Ichiro Chibata na wenzake wa kampuni ya Tanabe Seiyaku walianza kuzalisha asidi amino kwa njia hii. Karibu, basi, katika taaluma yenye umri mkubwa na kazi nyingi ambazo bado hazijafanywa.

Kimeng'enya kilichoyeyuka majini hutumika mara moja, kisha hupotea pamoja na mchanganyiko. Kilichofungwa kwenye kitu kigumu ni kama mashua iliyotia nanga: maji yanapita, yenyewe ipo palepale. Tatizo ni bei ya nanga, yaani kishikizi kinachobeba kimeng'enya. Resini zinazouzwa kwa kazi hii ni ghali, na ndiyo maana macho yamegeukia mabaki ya shambani. Watafiti wa Brazili wamefunga lipesi, kimeng'enya kinachovunja mafuta, ya kuvu Candida antarctica kwenye nyuzi za makumbi ya madafu, takataka ileile inayorundikana kando ya barabara za Dar es Salaam na Mombasa. Nyuzi hizo zina selulosi na lignini, ambazo vikundi vyake vya haidroksili vinaweza kuunganishwa na protini. Maganda ya mpunga yana njia yake: yakichomwa vizuri, sehemu kubwa ya majivu yake ni silika yenye vitundu vingi, na kimeng'enya hupata pa kukaa.

Lakini usidhani ni bure. Hata ukiyapata maganda mashineni bila kulipa, kuyaosha, kuyakausha, kuyasaga na kuyatibu kuna gharama, na glutaraldehaidi, inayotumika sana kuunganisha, ni sumu. Kunatisha bila kemikali ni rahisi zaidi, ila kimeng'enya huweza kubanduka kikaenda na maji. Ndiyo sababu mimi hupima kishikizi kwa mzunguko wa kumi wa matumizi, si wa kwanza.

Mwanafunzi, anza na kilicho karibu nawe: magunzi, makapi ya miwa, maganda ya kahawa, mabaki ya mkonge. Pima hata protini iliyotoka na maji ya kuoshea, na uandike matokeo ya kila mzunguko, yaliyoshuka pia.