Salamu ya Amani Katika Makanisa ya Juba

Katika makanisa ya Juba, kama ilivyo katika makanisa mengi ya Afrika Mashariki, hufika wakati ibadani ambapo padri au mchungaji huwaalika waumini wapeane amani. Watu hugeuka, hushikana mikono, na baada ya dakika moja au mbili kila mmoja hurudi mahali pake. Wako wanaodhani kuwa hiyo ni desturi tu ya kunyoosha viungo baada ya mahubiri marefu. Sisi hatukubaliani nao.

Hatuna budi kukumbuka asili ya jambo hili. Mtume Paulo aliwahimiza Warumi, Wakorintho na Wathesalonike wasalimiane kwa busu takatifu. Kanisa la Korintho hasa lilikuwa na mafarakano: waumini walijigawa kwa kufuata walimu mbalimbali, na katika karamu zao wengine walilewa huku wengine wakikaa na njaa. Ni dhahiri basi kwamba salamu hiyo haikuagizwa kwa watu waliokwisha kupatana, bali kwa watu waliokuwa wakitazamana kwa jicho la pembeni.

Mahali pa salamu hiyo katika ibada hapafanani. Wakatoliki wengi huitoa karibu na komunyo. Lakini ndugu zetu wa Kongo, katika utaratibu wa misa ulioidhinishwa na Vatikani mwaka 1988, waliiweka mara tu baada ya toba. Kwa maoni yetu Wakongo walifikiri vema, kwani aliyekiri kosa lake ndiye aliye tayari kumshika jirani yake mkono.

Mjini Juba jambo hili lina uzito wa pekee. Mbari, Mdinka, Mnuer na Mzande huweza kukaa benchi moja, wakasalimiana kwa Kiarabu cha Juba, au kwa Kiswahili ambacho wengine walijifunza ukimbizini Kenya na Uganda. Vita vilipozuka mjini humo tarehe 15 Desemba 2013, watu waliuawa kwa sababu ya kabila lao. Walitambuliwa kwa lugha waliyoijibu na kwa chale za usoni. Neno la kwanza ambalo mtu humwambia mwenzake likageuka kuwa mtego! Maelfu walikimbilia kambi za Umoja wa Mataifa, na mapigano yakarudi tena Julai 2016. Baada ya hayo, mwenye kunyoosha mkono wake upande wa pili wa benchi hafanyi adabu tu. Huenda anamnyooshea mtu ambaye ndugu zake ndio waliowafukuza wa kwake nyumbani.

Wakubwa nao wamesalimiana. Tarehe 11 Aprili 2019, huko Vatikani, Papa Fransisko alipiga magoti akabusu miguu ya Rais Salva Kiir, ya Bw. Riek Machar na ya viongozi wenzao. Februari 2023 alifika Juba pamoja na Askofu Mkuu Justin Welby wa Waanglikana na Mchungaji Iain Greenshields wa Kanisa la Scotland, nao wakasali na wananchi penye kaburi la John Garang. Wakristo wa madhehebu matatu walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Hata hivyo, Machi 2025 Bw. Machar aliwekwa katika kizuizi nyumbani kwake. Je, salamu ilishindwa? Tunadhani aliyebusu alitimiza wajibu wake. Waliobusiwa ndio waliobaki na deni.

Mfano unaotuvutia zaidi ni wa zamani kidogo, nao ulitokea mbali na Juba. Wadinka na Wanuer wa magharibi mwa Mto Nile walikuwa wameuana, wameporana ng'ombe na kutekana wanawake na watoto kwa miaka kadhaa. Baraza la Makanisa la Sudan Mpya lilipotaka kuwapatanisha, halikuanza na karatasi. Machifu wa Kidinka walikwenda kwanza katika nchi ya Wanuer, na machifu wa Kinuer wakaenda kwa Wadinka, kila upande ukitia roho yake mikononi mwa adui. Walipokelewa, wakala, wakarudi salama. Ndipo, Februari na Machi 1999, watu wakakusanyika kijijini Wunlit, fahali mweupe akachinjwa, na mapatano yakatiwa sahihi.